Pumzi Kabla ya Maji: Historia ya Msamiati wa Mzamo na Maji Baridi kutoka Ghuba hadi Kanyosha

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya maneno ambayo wasemaji wa Kiswahili wameyatumia kuzungumzia pumzi na maji, na yanauliza iwapo maneno hayo yanatosha kumfundisha mtu namna ya kuituliza pumzi kabla ya kuingia maji baridi. Ushahidi unatoka sehemu mbili: kazi ya kuzamia lulu katika Ghuba ya Uajemi, ambako watu wengi wenye asili ya Afrika Mashariki walizamishwa wakiwa watumwa, na Kanyosha, kusini mwa Bujumbura, ambako Kiswahili na Kirundi husemwa na kinywa kimoja. Makala yanadai kwamba Kiswahili kina msamiati mpana na makini wa pumzi, lakini kitenzi kimoja, kuhema, hubeba maana mbili zinazopingana pindi kinapovuka mpaka wa Kirundi. Tofauti hiyo ni ndogo katika mazungumzo ya kila siku. Ndani ya maji inaweza kugharimu uhai. Mwisho yanapendekezwa mambo manne kwa watunga sera wa lugha katika Jumuiya ya Afrika Mashariki.

1.0 Utangulizi

Mto Kanyosha hushuka kutoka milima iliyo mashariki ya Bujumbura na kuingia Ziwa Tanganyika kusini mwa jiji. Anayesimama karibu na mdomo wake huwa na maji ya aina mbili mbele yake. Maji ya ziwa ni ya uvuguvugu: usoni mwake joto huwa kwa kawaida kati ya nyuzi 24 na 28 za Selsiasi. Maji ya mto, hasa baada ya mvua kunyesha milimani, ni baridi zaidi, ni machafu, na yana kasi. Kwa hiyo si sahihi kuizungumzia Kanyosha kana kwamba ni pwani ya bahari ya kaskazini ambako watu huogelea kwenye barafu. Hata hivyo, swali la pumzi na maji lipo. Lipo kwa mtoto anayeteleza mtoni wakati wa masika, kwa mvuvi wa ndagala anayeanguka ziwani usiku wa manane akiwa na jasho mwilini, na kwa kijana wa Burundi aliyehamia Ulaya ambaye siku moja atajikuta kando ya ziwa la nyuzi 10.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria, katika ripoti yake ya mwaka 2024, kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani katika mwaka 2021, na kwamba zaidi ya tisa kati ya kumi walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Ukanda wetu hauhitaji takwimu ili kuamini hilo. MV Bukoba mwaka 1996, MV Spice Islander mwaka 2011 na MV Nyerere mwaka 2018 ni majina ambayo kila msomaji wa Kiswahili anayajua. Mjadala baada ya misiba hiyo ulihusu zaidi vyombo, mizigo na leseni. Maneno ambayo mtu angepaswa kuwa amefundishwa kabla hajagusa maji hayakuzungumzwa sana. Makala haya yanahusu maneno hayo.

2.0 Njia moja, safari mbili

Kiswahili kilifika kwenye Ziwa Tanganyika kwa miguu. Kufikia katikati ya karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu iliyotoka Bagamoyo na pwani ya Mrima ilikuwa imeifanya Ujiji kuwa soko kubwa. Burton na Speke walifika hapo Februari 1858, na miezi miwili baadaye wakapelekwa kwa mitumbwi hadi Uvira, ncha ya kaskazini ya ziwa. Novemba 1871 Livingstone na Stanley walisafiri kutoka Ujiji kwenda kuona kama mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka humo. Jiwe la kumbukumbu lililopo Mugere, kusini mwa Kanyosha, lina tarehe ya 25 Novemba 1871. Majina yaliyochongwa kwenye jiwe hilo ni mawili tu. Wapiga kasia, wapagazi na wakalimani waliowafikisha, ambao walifanya sehemu kubwa ya kazi hiyo na ambao Kiswahili kilikuwa lugha yao ya safari, hawakuandikwa. Baadaye kituo cha Wajerumani cha Usumbura, na mitaa kama Buyenzi, viliipa lugha hiyo makazi ya kudumu mjini. Rumonge na Nyanza-Lac ziliipa makazi kwenye ufuo wa kusini.

Njia iliyoleta lugha bara ndiyo iliyopeleka watu pwani. Pamoja na pembe walikwenda mateka, na baadhi yao walivushwa bahari hadi Oman na Ghuba. Mkataba alioutia saini Sultani Barghash mwaka 1873 ulifunga soko la watumwa la Unguja na kupiga marufuku usafirishaji wao kwa bahari, lakini majahazi yaliendelea kuwapeleka watu kaskazini kwa siri hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Mwanahistoria Matthew Hopper ameonyesha, kwa kutumia maombi ya uhuru yaliyowasilishwa kwa maofisa wa Uingereza katika Ghuba, jinsi kazi ya Waafrika ilivyotegemeza biashara mbili zilizokua kwa kasi tangu miaka ya 1870: tende na lulu.

Kwa hiyo historia ya Kiswahili cha ziwani na historia ya Waafrika wa Ghuba ni matawi ya mti mmoja. Tukiitafuta historia ya pumzi na maji baridi katika ulimwengu wa Waswahili, hatuna budi kulifuata tawi la pili kabla ya kurudi kwenye la kwanza.

3.0 Mzamo wa baridi

J. G. Lorimer, ofisa wa Uingereza aliyekusanya kamusi kubwa ya mambo ya Ghuba iliyochapishwa kati ya 1908 na 1915, aliigawa kalenda ya wazamiaji lulu katika misimu. Msimu mkuu ulikuwa wa kiangazi, hadi mwishoni mwa Septemba. Kabla yake, kuanzia katikati ya Aprili kwa siku zipatazo arobaini, kulikuwa na msimu mfupi ulioitwa kwa Kiarabu ghaus al-barid, yaani mzamo wa baridi. Wakati huo bahari ilikuwa haijapata joto, na kazi ilifanyika kwenye maji ya kina kifupi.

Msomaji wa Kiswahili halihitaji kamusi kwa neno la mwisho katika jina hilo. Ni baridi yetu ileile. Vilevile nahodha wa jahazi la lulu alikuwa na cheo chetu kilekile, na lulu yenyewe ni neno letu. Mwafrika aliyefikishwa kwenye jahazi hilo akijua Kiswahili alikuwa tayari na jina la mkuu wake, jina la bidhaa na jina la taabu iliyomsubiri.

Utaratibu wa kazi unajulikana vizuri. Mzamiaji alibana pua kwa kibanio kidogo cha pembe au gamba la kasa, akakanyaga jiwe lililofungwa kwenye kamba, akashuka, akakusanya chaza kwenye kikapu kilichoning'inia shingoni, kisha akaitikisa kamba ili mvutaji aliye juu amvute. Alikaa chini takriban dakika moja, wakati mwingine zaidi kidogo. Baada ya kuibuka hakupanda jahazini mara moja. Alishika kamba au kasia, akabaki majini akiirudisha pumzi yake, kisha akashuka tena. Baada ya mizamo kadhaa ndipo alipotoka na kupisha mwenzake.

Mapumziko hayo ya kushika kamba yanahitaji kutazamwa kwa makini. Hapo ndipo ulipokuwa ujuzi. Mzamiaji aliyeshuka kabla pumzi haijatulia alirudi mapema bila chaza, au hakurudi. Aliyejifunza kungoja alidumu. Msimu wa baridi uliotangulia msimu mkuu ulifanya pia kazi ambayo huenda hakuna aliyeikusudia: uliuzoesha mwili kwa maji yenye ubaridi, kidogokidogo, kwenye kina kifupi.

Hatupaswi kuupamba ujuzi huo. Mtumwa hakuchagua msimu wala kina, na sehemu yake ya mapato ilichukuliwa na bwana wake. Biashara hiyo ilianguka kuanzia mwaka 1929, lulu za kufugwa za Japani na mdororo wa uchumi wa dunia vilipoivunja bei. Ujuzi wa pumzi ambao Waafrika hao waliupata kwa gharama ya miili yao haukuandikwa kwa lugha yao. Hilo ni deni la kihistoria, na mtafiti wa lugha analo fungu lake la kulilipa.

4.0 Mwili unapokutana na baridi

Fiziolojia ya sasa inaeleza kwa nini mapumziko ya kamba yalikuwa na maana. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, Michael Tipton na watafiti wenzake nchini Uingereza wameeleza kwa undani kile kinachotokea mtu anapoingia ghafla kwenye maji baridi. Ngozi ikipoa kwa haraka, mtu huvuta pumzi kubwa bila hiari yake, kisha huanza kupumua mbiombio asiweze kujizuia. Moyo hudunda kasi na shinikizo la damu hupanda. Hali hii, ambayo hapa tunaiita mshtuko wa baridi, huanza kujitokeza maji yakiwa chini ya nyuzi 25 hivi na huwa kali zaidi yakikaribia nyuzi 10 hadi 15. Hufikia kilele katika nusu dakika ya kwanza na hupungua sana ndani ya dakika mbili au tatu. Ikiwa ile pumzi ya kwanza itavutwa kichwa kikiwa chini ya maji, mtu hupaliwa, na kiasi kidogo tu cha maji mapafuni kinatosha kumzamisha.

Kutokana na hayo hutoka kanuni chache. Mtu aingie taratibu, akitoa pumzi polepole wakati maji yanapompanda kifuani. Asianze kuogelea wala kuzamisha kichwa mpaka pumzi imemrudia. Aliyeanguka kwa bahati mbaya asipigane na maji; alale chali na kuelea hadi mshtuko upite. Mwili unaweza kuzoezwa: kuingia maji baridi kwa dakika chache, mara tano au sita kwa siku tofauti, hupunguza mshtuko kwa kiasi kikubwa.

Kuna kanuni moja zaidi, na ndiyo inayokiukwa mara nyingi. Kupumua kwa nguvu na kwa haraka mara nyingi mfululizo kabla ya kuzama hakuongezi akiba ya oksijeni kwa kiasi cha maana. Kunachofanya ni kuondoa kabonidioksaidi mwilini, na gesi hiyo ndiyo inayoupa ubongo hamu ya kuvuta hewa. Mzamiaji hujiona yu salama, kumbe oksijeni inakwisha bila onyo, na anazirai chini ya maji. Leo mbinu za kupumua za Mholanzi Wim Hof, zenye hatua ya kupumua kwa kasi, zimeenea kwenye mitandao katika lugha nyingi. Mwenyewe anaonya zisifanywe ndani ya maji wala kando yake. Onyo hilo ni sehemu ya mbinu. Mfasiri anayelitupa ameibadilisha mbinu yenyewe.

5.0 Hazina ya maneno ya pumzi

Je, Kiswahili kinaweza kuyasema yote haya? Kinaweza, na kwa umakini unaostaajabisha.

Shina pumu- limetupa kupumua, pumzi, na ugonjwa wa pumu. Limetupa pia kupumzika na mapumziko. Katika Kiswahili, kustarehe ni kuipata pumzi tena. Mzamiaji aliyeshika kamba alikuwa akipumzika kwa maana ya asili kabisa ya neno hilo. Kiarabu nacho kilituletea nafasi, ambayo asili yake ni neno la pumzi, nasi tukaipa maana ya mahali, wakati na fursa. Roho hukatwa mtu anapokufa.

Vitenzi vya tendo lenyewe vimepangwa kwa ngazi. Kuvuta pumzi ni kuingiza hewa. Kutoa pumzi ni kuiondoa. Kushusha pumzi ni kuitoa taratibu, tena kwa nafuu, kama afanyavyo mtu aliyeondokewa na hofu. Kubana pumzi ni kuizuia kwa hiari. Kuishiwa pumzi ni kuikosa bila hiari. Kutweta ni kupumua kwa kasi kutokana na uchovu au hofu, na kuhema hukaribiana nako. Kupaliwa ni kuingiwa na maji au chakula kwenye njia ya hewa. Kwa upande wa maji, kuoga kumezaa kuogelea. Na tuna kuzama, kuibuka, kuelea, kupiga mbizi, na kufa maji.

Jambo la kutazamwa ni mgawanyo wa asili ya maneno haya. Baridi, lulu, nahodha na bahari ni ya kukopa. Lakini kupumua, kuvuta, kushusha, kuzama, kuelea na maji ni ya Kibantu. Biashara ilikopa majina ya bidhaa na ya vyeo. Mwili ulibaki na maneno yake. Hii ndiyo sababu hatuhitaji kuunda istilahi mpya nyingi. Tunahitaji kuyatumia tuliyo nayo kwa nidhamu.

Methali nazo ni sehemu ya hazina hii, na zinapaswa kusomwa kwa uangalifu. Mfa maji haachi kutapatapa ni uchunguzi sahihi wa mwili ulioshikwa na mshtuko, lakini si ushauri: kutapatapa ndiko kunakomaliza pumzi. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga hufundisha uthabiti katika maisha, ila kwa anayesimama kando ya maji baridi ingekuwa heri akumbushwe kwamba bado anaweza kuvaa nguo zake na kurudi nyumbani.

6.0 Kuhema: neno moja, maagizo mawili

Sasa turudi Kanyosha. Katika Kirundi, kitenzi cha kawaida cha kupumua ni guhema. Mganga humwambia mgonjwa aheme, na njia ya hewa mwilini hupata jina lake kutokana na kitenzi hicho. Hakina dokezo la uchovu wala hofu. Katika Kiswahili cha pwani na katika kamusi sanifu, kuhema ni kupumua kwa shida na kwa haraka, kama afanyavyo aliyepanda mlima mbio. Sura ya shina ni ileile. Kilichotofautiana ni kasi ya pumzi.

Msemaji wa Bujumbura anayezichanganya lugha hizi mbili kila siku hukitumia kitenzi hicho bila wasiwasi, na kwa kawaida muktadha humwokoa. Muktadha hauokoi pale ambapo agizo ni neno moja linalopigiwa kelele kutoka ukingoni. Mwokoaji aliyefunzwa kwa Kiswahili cha Dar es Salaam akimwambia mtoto wa Kanyosha asiheme, mtoto anaweza kuelewa kwamba asipumue, naye akabana pumzi wakati ambapo anapaswa kuishusha. Kinyume chake, mzazi wa Kanyosha akimwambia jamaa aliyetoka Kigoma aheme, msikilizaji anaweza kufanya kile hasa ambacho mshtuko wa baridi unamlazimisha kukifanya. Katika hali zote mbili kila mmoja amesema sahihi kwa lugha yake.

Tatizo la pili linatokana na tafsiri. Maelekezo ya usalama majini hufika Burundi mara nyingi kwa Kifaransa, na kwingineko katika Jumuiya kwa Kiingereza. Mfasiri anayekutana na agizo la kuvuta hewa kwa kina huwa rahisi kwake kuandika vuta pumzi nyingi. Lakini nyingi hudokeza idadi. Msomaji anaweza kuvuta pumzi ishirini za haraka, ambazo ndizo zinazomwandalia kuzirai. Vuta pumzi moja, kisha ishushe polepole haina utata huo, na haikuhitaji neno lolote jipya.

7.0 Hitimisho na mapendekezo

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kiswahili kimeingia katika mitaala ya shule zake. Mwaka 2021 wakuu wa nchi wanachama waliridhia Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Jumuiya pamoja na Kiingereza na Kifaransa. Lugha rasmi haipimwi kwa hotuba peke yake. Hupimwa pia kwa kauli tatu au nne ambazo mtu anahitaji kuzielewa katika nusu dakika ambayo hawezi kuuliza swali. Kwa msingi huo tunapendekeza yafuatayo.

Kwanza, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iandae orodha fupi ya maneno ya usalama majini, ikiyakagua dhidi ya Kirundi, Kinyarwanda na lugha nyingine za maziwa makuu kabla ya kuyasanifisha. Kuhema kusitumike kama agizo. Kupumua na kushusha pumzi vipewe kipaumbele, kwa kuwa uchunguzi wetu haujaona mgongano wake na Kirundi.

Pili, mafunzo yaanze na kuelea na kutoa pumzi kabla ya kuogelea. Mfano upo karibu: Mradi wa Panje wa Nungwi, Unguja, uliofundisha wasichana kuogelea na kujiokoa kwa Kiswahili, na ambao picha zake zilizopigwa na Anna Boyiazis zilipata tuzo ya kimataifa mwaka 2018.

Tatu, kalenda itumike. Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, ni 7 Julai. Siku ya Kimataifa ya Kuzuia Kufa Maji, iliyowekwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka huohuo, ni 25 Julai. Kati ya siku hizo mbili kuna muda wa kutosha kuwafundisha watoto wa shule moja ya ufukweni namna ya kuelea na kushusha pumzi, kwa lugha wanayoisema.

Nne, historia ya wazamiaji wa Ghuba ifundishwe katika kozi za historia ya Kiswahili, ikiwa sehemu ya historia ya maarifa ya mwili na siyo ya mateso pekee. Waliosimama majini wakishika kamba, wakisubiri pumzi iwarudie kabla ya kushuka tena katika baridi, walijua jambo ambalo maabara zimelithibitisha baada ya miaka mingi: kwamba maji hayashindwi kwa nguvu, na kwamba anayetaka kuyaingia sharti kwanza apumzike.